Sikio la kushoto

Jumatano usiku, kisha kula chakula

Na Komanda anataka jibu kesho: nibaki rubani wa elikopta, ao niende kazi ya munara wa uwanja wa ndege, kuongoza ndege kwa redio. Kwa munara wanapima masikio kwanza. Langu la kushoto limekufa tangu mwaka jana, na muntu wa sikio moja jeshi linamurudisha nyumbani. Nikibaki kuruka, hakuna mwenye atanipima, mpaka siku ile elikopta itaanguka...

Leo tulitoka Mpala. Munara uliniambia nigeuke kuume, mie nikageuka kushoto. Kabwe, rubani mwenzangu, alishika usukani, akaturudisha kuume. Tulipotua akasema polepole, "Mukubwa, mie niko na watoto. Sitaficha sikio lako tena."

Sikuweza kumukasirikia.

Nilimuambia bibi yangu, mwenye nilioa, yote. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kabwe alijua, na mie hapana?" Akaenda kuosha masahani.

Nimejaza karatasi ya munara. Pale wanauliza magonjwa, nimeandika: sikio la kushoto halisikii. Wataninyima kazi zote mbili, najua. Sijui kazi ingine.

Lakini kesho Kabwe ataruka na mwingine.