Kibonge Yupi?

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Nipo dukani nachora bango, kaingia mwanaume simjui. Salamu hakuna. "Namtafuta Kibonge."

Nikacheka! Kibonge yupi? Kuna Kibonge Matairi, kuna Saluni ya Kibonge, kuna yule mchekeshaji wa redioni. Mabango ya nusu yao nimeyachora mimi!

Hakucheka hata kidogo. "Hao wote nimeshawapitia. Namtaka Kibonge wako."

Wangu!! Wangu, shoga!

Akapitisha kidole kwenye rangi mbichi, akatoka zake taratibu.

Binti yangu tunamwita hivyo ndani tu. Hata shuleni hawalijui hilo jina. Nje ya nyumba yangu unalijua wewe peke yako.

Umemwambia nani?