Usifungue Shimo Kabla ya Kusomewa Haya

Makutupora

Baba yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na mama, kifua kimetulia? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechoka. Nimeandika kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na haya sitaki yapotee njiani. Mdogo wangu Salima akusomee polepole.

Baba, ni mimi niliyekushauri uchimbe shimo la sileji hapo Kolo, baada ya kuona ng'ombe wa maziwa wa shamba hili ninalofanyia kazi wanakula majani yaliyofukiwa kiangazi chote. Sasa sikiliza yaliyotupata.

Mvua zilipokaribia kwisha tulikata majani, tukayaacha yanyauke kidogo, tukayakatakata na kuyashindilia shimoni kwa trekta. Kuna unga wa bakteria unaokorogwa na maji, unanyunyizwa ili majani yachachuke upesi yasioze. Pakiti zake hutakiwa kukaa pa baridi. Zetu zilikaa stoo chini ya bati, kwa jua la huku unalolijua. Nadhani tulinyunyiza bakteria waliokwisha kufa. Tukafunika kwa nailoni nzito, matairi juu.

Baadaye niliona panya wametoboa nailoni, tundu la kupitisha ngumi. Nilimwambia msimamizi.

"Weka tairi hapo," alisema. "Gundi ikija tutaziba."

Nikaweka tairi. Gundi haikuja, na mimi sikuuliza tena.

Tulipofungua, sileji ya upande ule ilikuwa nyeusi, ina ukungu, ya moto ukiishika. Sileji nzuri hunukia uchachu kama togwa. Ile ilinuka uozo. Msimamizi akasema tuchambue, inayofaa walishwe, maana nje hakuna hata jani. Tulichambua mimi na Maria, dada wa Kigogo ninayekaa naye chumba kimoja. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

Wiki ya tatu tangu tuanze kuwalisha, ng'ombe mmoja akaanza kuzunguka upande mmoja tu, sikio limelala, mate yanamtoka. Alizunguka hivyo mpaka akaanguka, hakuinuka. Mwingine akatupa mimba, na Maria ndiye aliyemsafisha, mikono mitupu. Daktari wa mifugo alipofika aliingiza mkono shimoni, akaunusa.

"Hewa imeingia humu," alisema. Kisha akamwona Maria na tumbo lake. "Na huyu nani kamruhusu kushika vitu hivi?"

Msimamizi akaanza kuvuta nailoni kufunika shimo.

Siku chache baadaye Maria alishikwa na homa, tukamkimbiza hospitali. Mtoto alizaliwa hana uhai. Wa kike, Baba, nywele tele. Daktari alisema huenda ni vijidudu vilevile vya ng'ombe, hakuweza kuapa. Mtoto tulimzika kwao Maria, Bahi.

Tuliporudi nilishindwa kuvumilia, nikamweleza Maria habari ya lile tundu. Alikuwa anakunja khanga alizomwandalia mtoto. Hakuniangalia.

"Hata mimi nililiona, Zena," alisema. "Nikajua wewe umeshasema, basi yamekwisha."

Tunakula pamoja, tunalala chumba kimoja, lakini mazungumzo yametuishia.

Kwa hiyo Baba, kabla ya kufungua, kagua nailoni yako yote, hasa kwenye mapindo. Ukikuta sehemu iliyooza, usichambue. Ondoa pale na sehemu kubwa ya kuzunguka pale, ukafukie mbali na zizi. Najua unavyowaonea huruma ng'ombe wakilia njaa. Wape mabua, wape chochote, wakonde. Atakayekwambia ile yenye ukungu haina neno, usimsikilize, hata akiwa amesoma.

Msalimie mama, na shangazi anayekusaidia kuchunga. Kaka Idi mwambie nimesikia mkewe ni mjamzito, nimefurahi. Wifi asikanyage shimoni wala asimsafishe ng'ombe aliyezaa, na maziwa wayachemshe mpaka yafure. Asipoelewa sababu, Salima amsomee barua hii yote, hata pale panaponitia aibu.

Mniombee dua, na Maria mumtaje kwa jina.

Mwanao,
Zena