Rafu Zenye Magurudumu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai kile kikohozi kimekuachia, na kwamba yule mwenzako wa chumbani anayekoroma amehamishwa, au wewe umeshamzoea. Sisi hapa tupo. Mama anakusalimu, ingawa hajui yote ninayokuandikia. Ningekupigia, lakini simu ni yake, na nikiishika anakaa ubavuni mwangu mpaka nimalize. Shuleni tunafundishwa kuandika barua kwa Kiingereza. Hii imegoma, imetaka lugha ya nyumbani.

Ukija hutaitambua maktaba ya Mama. Mwalimu Mkuu mpya alisema mbele ya walimu wote kwamba ile haikuwa maktaba ya shule ya msingi, ilikuwa ghala la vitabu lenye mlinzi mkali. Walimu wakacheka, Mama naye akacheka, lakini nyumbani hakula. Unakumbuka zile rafu zilizofika darini, meza moja ndefu kama ya mkutano, na Mama mwenyewe, Mama Shhh (watoto bado wanamwita hivyo), kule mwisho. Sasa meza imekatwa, zimetoka meza ndogo za nusu duara. Rafu zimefupishwa zimfikie mtoto kifuani, zikatiwa magurudumu. Asubuhi chumba ni cha hadithi, mchana kinageuzwa kuwa cha sayansi, jioni kila kitu kinasukumwa ukutani watoto waigize. Kuna mikeka na mito. Mimi nimekipenda. Nilimwambia Mama kwamba asiyekipenda ni mzee tu. Akaniambia nisubiri nizeeke.

Kazi yenyewe anaifanya seremala mmoja aliyefiwa na mkewe. Watoto wamempa jina la Futi kwa sababu utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo, Dada. Nikitoka shule napita kumchukua Mama, nakuta mlango wa maktaba umefungwa kwa ndani, na ndani kicheko. Mama Shhh anacheka! Siku nyingine nikawaona wanavuka barabara, Futi kamshika kiwiko. Nilikuwa nimesimama getini na mkoba wangu, Mama akanipita kana kwamba mimi ni nguzo. Futi ndiye aliyegeuka akamnong'oneza kitu, ndipo aliporudi na salamu tamu kupita kiasi. Nikasema moyoni, kaona aibu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Kila kitu nimsomee mimi: barua zako, ujumbe wa simu, hata maandishi ya chupa ya dawa. Eti miwani inamchosha. Kila jioni akiosha vyombo ananiamuru nisome kwa sauti kitabu kimoja cha watoto, kilekile, eti sauti yangu ni ya mbu aliyefungiwa chupani na anataka kunitoa haya. Nikajua ananipa kazi ili nisipate nafasi ya kuuliza. Jirani yetu mshonaji yeye hakungoja nafasi. Aliniita dirishani akauliza ni sisi tutahamia kwa fundi, au fundi ndiye atahamia kwetu, maana anataka kujua mapazia ashone ya nyumba ipi.

Halafu kulikuwa na zile alama. Pembeni mwa kila rafu, pale mkono unapofikia, pamechongwa vijino kwa patasi. Rafu ya hadithi ina kimoja, ya wanyama viwili, na kuendelea. Nikajikaza nikamuuliza Futi. Akasema ni panya. Panya gani anayetafuna kwa rula? Nikaamua kwamba hizo ni ishara zao wenyewe.

Jumatatu nikawahi. Nikaingia maktaba kabla yao, nikachuchumaa nyuma ya rafu. Wakaja, wakafunga mlango. Futi akazisukuma rafu za upande wa pili huku na kule, akamwambia Mama tayari, amezivuruga kama watoto wa darasa la pili. Mama akatembea mkono ukiwa mbele, akapapasa ubao, akasema wanyama. Akaenda nyingine, akasema nyota na mvua. Futi akampigia makofi. Nikasogea nione vizuri, nikaegemea, nikasahau magurudumu. Rafu ikaondoka zake. Nikabaki katikati ya chumba kama kuku aliyefunuliwa tenga, jua la dirishani lote usoni kwangu.

Mama akageuka, akanitazama, akauliza, "Nani huyo?"

Futi aliikimbilia rafu kabla haijagonga ukuta.

Na mimi, Dada, sikujibu. Hili ndilo linaloniuma. Nilinyamaza makusudi, nione kama ni kweli. Akauliza tena kwa ile sauti anayowawekea watoto wa darasa la kwanza, kwamba wewe ni nani mwanangu, mbona husemi. Akanyoosha mkono. Nikaungoja mpaka ukafika usoni. Ulipogusa lile kovu la kidevuni, akakaa chini mkekani palepale.

Ndipo akaniambia: macho yake yanafifia kuanzia katikati, huu ni mwaka wa pili. Pembeni anaona kidogo, lakini uso wa mtu ni ukungu. Hospitali hajaenda, anaogopa atakachoambiwa. Zile rafu za zamani alizijua kwa mkono, kila kitabu na mahali pake. Aliposikia habari ya magurudumu alitaka kuacha kazi, ndipo Futi alipochonga vijino. Na kile kitabu ninachomsomea anakikariri. Ijumaa ni ufunguzi, na Mwalimu Mkuu amempangia awasomee watoto mbele ya wazazi. Ameniomba nisimame kando yake nifunue kurasa. Mimi, ninayejificha mgeni akipiga hodi! Nimekubali.

Anasema atamwambia Mwalimu Mkuu wewe ukishamaliza mafunzo, asije akakosa mshahara wa kukulipia ada kabla ya hapo. Amenikataza nisikuambie, maana utaacha kila kitu urudi. Nimekubali hilo pia, na sasa nakuandikia.

Ninapoandika hapa yuko karibu yangu anakunja nguo. Ameniomba nimsomee barua. Nimemsomea pa meza na mito, akacheka sana pale pa kunisubirisha nizeeke. Kisha nikaruka mpaka salamu. Amemaliza kukunja shati, halafu akasema ajabu, kalamu imesikika muda mrefu kuliko barua yenyewe. Sasa yeye ndiye ananishuku mimi.

Tafadhali usiache mafunzo. Omba ruhusa ya siku chache tu, umpeleke kwa daktari wa macho. Mimi atanikatalia, wewe hakuwezi. Futi amesema atatusindikiza. Kama ni ufundi tu au kuna zaidi, hilo bado nalichunguza. Jirani ameshapima madirisha.

Nisalimie huyo anayekoroma. Ugua pole kama bado unakohoa. Na siku utakayofika, usisimame mlangoni ukitabasamu kama kawaida yako, ukisubiri akuone. Mwite ukiwa bado nje.

Mdogo wako akupendaye,
Mbu wa Chupani