Wanataka Nikane Sala Yangu

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie upesi, maana Jumapili mtu anakuja kuchukua jibu na mimi sina. Jina langu lifiche, na hawa wengine nimewabadilishia majina. Mimi ni shemasi kwa Wasabato hapa Nyaramba na kazi yangu ni upishi, harusi nyingi za huku na matanga pia ni mimi nimepika, sasa mwezi uliopita mheshimiwa wetu akaniita kwake nipikie mgeni mkubwa kutoka Nairobi, nikapika kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu zetu, nikapanga mezani nikafunika, na wewe unajua huku kwetu chakula hakifunuliwi kabla ya sala, basi mheshimiwa akasema, "Mama, tuombee," nami nikaomba vile naomba siku zote, nikataja kila mmoja kwa jina na cheo chake, nikamshukuru Mungu kwa kuwaleta Nyaramba Alhamisi hiyo, na nikaombea kile kiwanda cha majani chai walichotuahidi, kijengwe upesi majani yetu yasizidi kuoza kituoni yakingoja lori.

Kumbe kabla sijaingia walikuwa wameongea, na simu ya mtu ilikuwa inarekodi. Nani, sijui, mimi nilikuwa jikoni. Hiyo rekodi ndiyo imezunguka nchi nzima, mkubwa anasema kiwanda hakiji huku, kinapelekwa kwingine, na kwamba Wakisii ukiwapa kofia na fulana wanatulia hadi uchaguzi mwingine, mheshimiwa wetu anacheka, halafu mlango unafunguka, inaingia sauti yangu nikiombea kiwanda. Nyamira watu wameandamana, chama chao kimegawanyika, na wakubwa wote wawili wamesimama mbele ya waandishi wa habari wakasema hizo ni sauti za kompyuta, siku hiyo hawakukutana popote. Lakini sala imewataja.

Sasa Obwocha, msaidizi wa mheshimiwa, ameniletea karatasi ya kiapo niweke sahihi kwamba sikuwa kwa hiyo nyumba na sauti si yangu. Nikiweka, msichana wangu Purity, ambaye amemaliza unesi miaka mitatu na bado anachuma majani na mimi, barua yake ya kazi iko tayari, Obwocha amenionyesha, ina jina lake. Nisipoweka, Purity asahau kazi na mimi nisahau kupikia mtu yeyote Nyamira. Mzee wangu anasema sahihi ni wino tu, Mungu anajua roho yangu. Purity sijamwambia.

Na nikiri jambo moja, mshauri. Watu wanaicheza hiyo sala sokoni, hata Kisii, wananiita Mama Kiwanda, na mimi nikisikia nasimama kidogo nisikilize, nafurahi. Je, hicho ni kiburi? Na nikiikana, nitasimama namna gani mbele ya kanisa kuomba tena?

Mpishi wa Nyaramba

MAMA AKETCH ANAJIBU

Jina nimelificha, mama, ingawa sijui nani atakuwa halijui, maana sauti yako imo kwa kila simu kuanzia Keroka hadi Kisii. Mimi ni mtu wa ziwani, nimefanya kazi Nyamira miaka kumi na tisa, na siku niliyosikia rekodi hiyo niliacha kila kitu nikairudia sala yako. Niliona fahari, na hata si kwetu. Pole kwa haya yaliyokupata.

Sasa nikugombeze. Unaamuaje maisha ya Purity bila Purity? Huyo ni nesi aliyesoma akamaliza, si mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku akijua kazi yake ilipatikana kwa mama yake kuapa uongo, ataivaaje hiyo sare? Na kazi yenyewe itakaa muda gani? Mtu anayesimama mbele ya taifa akamkana rafiki yake aliyekula naye, kesho atashindwa kumkana binti yako? Njia ya mwongo ni fupi. Na huyo mzee wako mwambie kiapo si wino tu, kiapo ni sheria. Ukweli ukitoka, atakayeitwa mahakamani kwa kuapa uongo ni wewe, si mheshimiwa.

Kiburi ni kujisifu kwa kisicho chako. Hii sala ni yako, ifurahie. Lakini chunga, upande wa pili nao watakuja na kofia zao wakutake jukwaani. Kataa. Mazungumzo hukuyasikia, ulikuwa jikoni. Sema ulichofanya wewe, basi.

Leo hii mketishe Purity umweleze yote, baba yake akiwepo. Karatasi ipigeni picha, nakala moja aweke mzee wa kanisa, nyingine mpelekee wakili asiyekula ugali wa mheshimiwa, na umweleze vitisho vya Obwocha neno kwa neno. Kazi ya Purity aitafute kwa vyeti vyake, na ikichelewa, ichelewe. Jumapili Obwocha asikukute peke yako. Viti viwe nje uani, mashahidi wawe wameketi.

Mrudishie karatasi yake bila sahihi. Nimesikiliza ile rekodi hadi mwisho, mama, na haikomi kwenye sauti yako. Kwa hiyo mwambie polepole, watu wote wasikie: "Sala ni yangu. Kama waheshimiwa hawakuwepo, waje wenyewe Nyaramba watuambie ni akina nani walioitikia Amina."