Bei ya Samaki wa Pweto

Yaya Monga, mkubwa wangu uliye mbali Ubelgiji,

Jana mjukuu wangu alikuwa akicheza kwenye simu mchezo wa wafanyabiashara wa zamani. Chumvi, shaba, samaki: bei moja kila mji! Nikafoka, "Nani alisema hivi? Bei ya ziwani iwe sawa na ya mjini?" Kisha nikajisikia mwenyewe: maneno yale yalikuwa yako.

Unaikumbuka katoni yetu ya mchezo pale mtaani Bel-Air, enzi za Zaire, baba akiwa mgodini? Ulichora barabara toka Pweto kule ziwani, kupitia Kasomeno, hadi hapa Lubumbashi, na maharagwe yakawa wasafiri. Kubuni bei ulikataa katakata. Ulimwuliza Kambo, mama yake mama, akakupa alizosikia kwa wakubwa wake: kwa msalaba mmoja wa shaba, pesa ya zamani, Pweto vikapu vitatu vya samaki, Kasomeno viwili, huku kwetu kimoja. Uliandika kwa kalamu ya bluu, ulimi nje. Nilikupenda sana siku zile, ingawa ulinishinda kila Jumapili.

Jumapili moja ukaona Pweto inatoa vikapu vinane.

"Kambo, ulituambia nane?"

"Nilisema tatu, mwana wangu."

"Aa, Kambo!" ukasema. "Tuliandika mbele yako. Angalia, iko nane."

Hakujua kusoma. Aliitazama katoni, akacheka kidogo. "Ah bon. Pengine kichwa yangu inazeeka."

Tangu siku ile, ukimwuliza bei ya jembe au ya chumvi, alijibu, "Uliza karatasi." Hatukupata tena hata bei moja kutoka kwake. Na kwenye matanga yake uliwaambia watu kwamba alianza kusahau mapema, tangu ile ya Pweto. Nilikuwa nimekaa kando yako, nikainamisha kichwa.

Yaya, ni mimi. Misalaba yangu ilikuwa inaelekea Pweto, na nilikuwa nimechoka kushindwa. Nilichukua kalamu yako, nikaifunga ile 3 midomo yake miwili ikawa 8. Basi, ni hilo tu. Kitoto kabisa, lakini naona haya mpaka leo, na mvi hizi zote.

Nikasirikie, nastahili kukasirikiwa. Ila ukimtaja Kambo tena mbele ya wanao, nakuomba, waambie hakusahau kitu. Alisema tatu.

Mdogo wako uliyemwamini