Katibu Amekataa Kula Peke Yake

Lagangabilili,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na baridi ya Makete. Mgongo unaendeleaje, na lile koti la baba umeshakubali kulivaa au bado limening'inia? Mimi ni mzima. Huku jua linawaka hadi kuku wanajificha chini ya magari ya ofisi. Wifi ananiambia sahani yako inarudi karibu kama ilivyokwenda. Hilo nitalifikia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Kwanza niungame. Kila ulipoulizia Katibu, nilijibu hajambo, anakula. Nilikudanganya. Paka wa baba alikuwa na wiki nzima hajatia kitu mdomoni zaidi ya maji. Mimi ndiye niliyeomba kumchukua baada ya matanga, maana hukuvumilia kumsikia akilia mlangoni kwa marehemu. Niliogopa siku moja nitakupigia kukwambia kwamba hata huyo aliyetuachia baba amenifia mikononi.

Nilijaribu kila kitu. Dagaa wa ziwani nikamsagia. Sato nikamtoa miiba mmoja mmoja. Jirani yangu Mama Kulwa, ambaye ni mfugaji, akaleta maziwa ya asubuhi. Katibu ananusa, anageuza uso, anakwenda kulala juu ya mafaili yangu, mbavu zinahesabika.

Daktari wa mifugo alicheka nilipomwita, maana huku kazi yake ni ng'ombe na mbuzi. Lakini alikuja, akakuta gego limeoza. Ili apime dawa ya kumlaza akataka uzito, na mizani ya karibu ni ya pamba, pale kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Basi Katibu akatiwa kwenye gunia, kichwa nje, akaning'inizwa, amenuna kama siku zile baba akimshusha kitini. Karani akatangaza, "Kilo mbili na nusu! Safi, haina uchafu, daraja la kwanza!" Wakulima wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikakumbuka kwenye basi la kuja huku alivyokuwa mzito hadi mapaja yakafa ganzi.

Jino likang'oka, kidonda kikapona. Bado hakula, ila mchuzi niliomnywesha kwa nguvu kwa bomba la sindano.

Jumamosi moja asubuhi Mama Kulwa akaingia. "Mwangaluka, dada Upendo. Mzee wako ameshakula?"

Nikamwonyesha sahani jikoni, mlango nimeurudisha ili ale kwa utulivu. Alinitazama kana kwamba nimemfungia baba mkwe wake.

"Aah! Mzee mzima unamfungia jikoni? Huko kwenu alikuwa anakula na nani?"

"Na baba."

"Sasa! Kwetu wanaume wanakula shikome, pale kwenye moto uani, wote pamoja. Akila mtu peke yake ndani, tunauliza amegombana na nani. Huyu anadhani umemfukuza."

Nilitaka kubisha, maana paka ni paka. Lakini jioni ile nikatandika mkeka uani, ugali wangu hapa, sahani yake ubavuni. Akanitazama tu. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikakumbuka baba alivyokuwa akimmegea samaki na kumwekea ukingoni mwa sahani yake mwenyewe, nawe ukigomba kila siku. Nikafanya hivyo. Katibu akasogea, akanusa, akala. Mama, nililia na tonge mkononi.

Sasa anakula kila jioni, kidogo kidogo, na hainamishi kichwa mpaka nianze mimi. Ni mzee, sikudanganyi tena, daktari anasema hana miaka mingi mbele. Ila anakula.

Ndipo nikakufikiria wewe. Ni mimi niliyemwagiza wifi akupelekee chakula chumbani na kurudisha mlango, upumzike, wajukuu wasikupigie kelele. Miezi yote hii! Nilidhani ndiyo heshima. Nisamehe, mama yangu, nilikufungia na sahani yako kama nilivyomfungia Katibu. Nimeshamwambia wifi asikupelekee tena chumbani. Mahali pako ni jikoni kwake, kando ya moto, kelele na zije.

Mwenzangu wa masjala anayekwenda likizo huko atakuletea barua hii na kifurushi cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Vichemshe na karanga, na Mama Kulwa ameagiza visiliwe na mtu mmoja.

Nisalimie kaka, mwambie paa la jiko alilosema ataliziba nalikumbuka. Msalimie wifi kwa uvumilivu wake, wajukuu zako wote wawili, na shangazi, dada yake baba, kama bado anabisha kuwa paka hasafiri.

Saa moja jioni sisi huwa tumekaa mkekani. Kaa na wewe, mama, na umege tonge la kwanza. Huku tunakusubiri uanze.

Mwanao akupendaye,
Upendo