Mkono Wangu Ndio Uliokimbia

Mafinga, Jumapili mchana

Dada Levina,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Nyantakara, wewe, shemeji na watoto. Maharage mmeshavuna, au mvua imewazungusha tena? Mimi mdogo wako ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Asubuhi kiwandani tunabeba mbao vidole vimekufa ganzi. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu huwa nasema haraka haraka, halafu wewe unakata. Una haki.

Nataka kukuambia jambo la gitaa. Usiikunje barua kwanza, dada, soma.

Unajua nilivyokuwa. Kule Ngara nilijiona fundi, vidole vinarukia kila uzi kama panzi, na kazi yangu ilikuwa kuwashikia waimbaji mapigo tu. Huku yupo mama mmoja anayetupikia kiwandani. Siku moja alinisikia nikicharaza gitaa langu kavu, akauliza, "We kijana wa Kagera, unapiga gitaa au unakimbizwa na nyuki?" Wenzangu walicheka mpaka basi. Akasema, "Mimi nakanda unga, wewe fuata mikono yangu. Ukinitangulia, chapati huli."

Wiki nzima sikula chapati, haki ya Mungu! Ikabidi niache madoido. Nikabaki na kodi tatu za gitaa, ile mishiko ya vidole ya G, C na D, zile za wanaoanza. Mkono wa kulia: chini, chini, juu, juu, chini, juu. Polepole, mguu ukihesabu, na mkono hausimami hata pale usipogusa nyuzi. Nikichanganya, narudi kupiga chini tu, mara nne, kodi moja, mpaka ikae. Ni kazi ngumu kuliko mbao, maana hakuna anayekupigia makofi.

Juzi nikafungua ile video ya shindano la kwaya kule Biharamulo, bado iko kwenye grupu la kwaya. Nikagonga mguu kama nilivyozoea sasa. Dada, ulianza vizuri kabisa, sauti yako na mguu wangu vikaenda pamoja. Kisha akina mama wakapiga vigelegele, na mle kwenye video mkono wangu wa gitaa ukaongeza mwendo. Wakapiga tena, nikaongeza tena. Wewe unatafuta pumzi, unameza maneno, unanigeukia, unanipungia mkono nipunguze. Mimi nimefumba macho, natabasamu! Mpaka ukanyamaza katikati ya wimbo uliotunga mwenyewe, na watu wakaguna.

Halafu mimi, mdogo wako wa tumbo moja, nikasema mbele ya kwaya nzima kwamba hujui kufuata muziki. Ukachukua mkoba wako ukaenda stendi peke yako. Tangu siku ile hujaimba tena, hata kanisani, na miaka yote hii niliamini kweli kosa ni lako. Hilo ndilo linaloniuma, dada. Afadhali ningekuwa nimedanganya.

Jana nilituma sauti kwenye grupu. Nilisema aliyekimbia ni mimi, dada hakukosea kitu. Mwalimu wa kwaya alijibu neno moja: "Tulijua." Wote walijua! Hakuna aliyeniambia, na hata angeniambia, ningemsikiliza wapi na kiburi kile?

Nisamehe. Sikuombi urudi kwaya ili mimi nilale vizuri. Kuimba ni kwako, na kunyamaza ni kwako.

Msalimie shemeji, na mwambie nimemkumbuka kwa utani wake. Baba ukienda Ngara mshikie miguu kwa niaba yangu. Shangazi aliyetulea mwambie magoti yake nayaombea. Watoto wabusu wote, na yule mdogo asiyenijua umwoneshe picha yangu, japo sistahili.

Nimejifunza kupiga wimbo wako kwa mwendo wako, dada. Beti mbili zinakaa sawa. Ubeti wa tatu, ule uliouandika asubuhi ileile ya shindano kwa ajili ya marehemu mama, siwezi kuupiga kwa mwendo wako kwa sababu maneno yake siyajui. Uliniambia nitausikia hukohuko jukwaani. Sikukuacha ufike. Na tangu siku ile sijawahi kukuuliza ulikuwa umesema nini juu ya mama.

Ni mimi mdogo wako,
Deo